Milimita Arobaini

Machi 3

Dereva ameniletea daftari hili asubuhi, akaliweka juu ya mashine ya kukereza palepale nilipokuwa nafanya kazi. Anasema nina kichwa cha kusahau. Leo nabadilisha hiki, kesho kile, na gari likinuna hakuna ajuaye limenunia nini. Yeye alipokuwa kwenye malori aliandika kila safari, miaka ishirini na sita.

"Andika, Fundi. Tarehe, umefanya nini, gari limesema nini. Mengine baki nayo moyoni."

Basi naandika. Mke wangu namwita Dereva kwa sababu ndivyo nilivyomkuta, na yeye ananiita Fundi kwa sababu hiyohiyo. Gari letu ni la viti viwili, halina paa, na limelala chini kiasi kwamba ukikaa ndani unaweza kuokota sarafu barabarani bila kuinama. Fremu nimeichomelea mwenyewe, bomba kwa bomba, katika banda hili nyuma ya nyumba. Injini na miguu ya mbele, vile vyuma vinavyobeba matairi, vimetoka kwenye gari dogo la abiria lililogongwa nyuma. Mwaka wa sita sasa. Mimi natengeneza, yeye ataendesha, tulikubaliana hivyo tangu bomba la kwanza. Mimi nikiendesha ni kama mtu anayesukuma kabati.

Mvua zikiisha, mwishoni mwa Juni, wenye magari ya kujitengenezea hukutana kwenye uwanja wa zamani wa ndege nje ya mji, na kila gari hupewa nusu saa ya lami tupu. Dereva hajawahi kumiliki gari. Miaka yote hiyo aliendesha mali ya watu. Mwaka huu ataendesha lake, na nimeandika hapa ili nisijifanye nimesahau.

Machi 5

Nimemaliza rimu. Zile za lile gari dogo zilikuwa nyembamba, matairi yanajificha ndani ya madigadi kama watoto wanaoogopa wageni. Nimezipanua. Halafu ile sahani ya katikati, inayokaa kwenye habu na kufungwa nati, nimeikata na kuichomelea upya upande wa ndani zaidi, ili gurudumu lote litokeze nje. Milimita arobaini kila upande. Sasa gari limesimama limetanua miguu, kifua mbele, na mimi nimelizunguka mara tano nikijichekea.

Dereva aliliangalia kwa muda mrefu. "Limependeza. Ila uliniuliza?"

Mwalimu, jirani yetu mstaafu aliyefundisha fizikia, hupenya kwenye uzio kila akisikia mashine ya kukatia chuma. Naye akachungulia, akasema nimehamisha zaidi ya tairi pale. Debe tupu haliachi kuvuma. Nilimpa fagio ashike.

Machi 9

Mvua ya kwanza. Banda linavuja juu ya jiliwa ninalobania vyuma.

Machi 10

Gari limetoka nje! Dereva aliendesha hadi njia panda na kurudi. Alisema usukani mzito, na kwenye mashimo unampiga mikono. Nikaendesha mimi njia ileile. Sikusikia kitu. Nimemwambia labda alizoea malori yenye usukani wa kusaidiwa na mashine.

Machi 14

Limevuta kushoto. Gia ya tatu, karibu na bomba la maji. Nimeongeza upepo matairi ya mbele.

Machi 15

Mvua.

Machi 19

Limevuta kushoto tena. Gia ya tatu. Nimebadilisha viungio vya usukani vyote viwili, vipya. Nimeliendesha mimi: nyoofu kabisa. Dereva anasema si yeye. Sijasema ni yeye.

Machi 23

Mvua siku tatu. Beringi ya mbele kushoto imeanza kunguruma. Ni mpya hiyo, haina hata mwezi.

Machi 28

Dereva ameangusha kikombe, chai yote juu ya mchoro wangu wa bomba la kutolea moshi. Nimechora upya nusu siku. Hakuomba radhi, alisimama tu akiangalia vigae vya kikombe. Siku hizi hana umakini.

Machi 31

Kushoto. Gia ya tatu, barabara ya kiwandani. Amenipa na chupa ya mafuta ya breki nimfungulie, eti kifuniko kimekaza. Nilifungua kwa vidole viwili nikamtania kwamba ustaafu unamlainisha. Hakucheka.

Aprili 2

Naandika suruali ikiwa bado na matope.

Mvua ilikatika mchana, tukatoka. Barabara ya kiwandani ina vidimbwi upande wa kushoto, kwenye ukingo, kimoja baada ya kingine. Dereva alikuwa gia ya pili, hatukuwa kasi. Akakanyaga klachi, akapeleka mkono kwenye gia, akaingiza ya tatu, na tairi la kushoto likakanyaga kidimbwi. Niliuona usukani ukizunguka mkononi mwake kama sabuni. Tukaacha barabara, tukaingia mtaroni kwa pua. Madigadi ya kushoto imechanika, bomba la mbele limepinda. Hakuna aliyeumia.

Watu waliokuwa wamejibanza chini ya kibaraza cha duka wakaja kuangalia. Mimi nikatoka garini, na ile hofu ikatokea mdomoni ikiwa hasira. Nilimwambia mbele yao, kwa sauti, "Hivyo malori uliyaendesha, au yalikuwa yanakubeba tu?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini walicheka.

Dereva alikuwa bado amekaa kwenye kiti, anautazama mkono wake wa kulia ulivyolala juu ya paja, kiganja juu. Nilidhani ni aibu. Alipotoka alisema taratibu, "Usukani umeniponyoka, Fundi. Gari lina kitu."

"Gari halina kitu. Kitu kiko kwenye kiti cha dereva."

Alifunga kitambaa chake cha kichwa, ncha moja akiishika kwa meno, akaondoka kwa miguu. Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Ni mwendo wa nusu saa hadi nyumbani. Sikumfuata. Nikabaki kulitafutia gari langu watu wa kulivuta.

Nimeandika "langu". Nimeona baada ya kuandika. Naliacha hivyo, nilistahili kujiona.

Aprili 3

Chakula kilikuwa mezani. Yeye hakuwepo mezani.

Aprili 4

Habari za asubuhi. Nzuri. Hayo ndiyo maongezi ya leo.

Aprili 6

Mwalimu amekuja na rula ya chuma, uzi na chokaa. Nikamuuliza nani kamwita. "Mkeo," akajibu, akalala chali chini ya gari na shati lake jeupe.

Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka akanishika mkono akanipeleka kwenye mlango wa banda.

"Sukuma hapa." Karibu kabisa na bawaba. Nikasukuma, mlango haukutaka kwenda.

"Sasa hapa." Kwenye kitasa. Ukaenda kwa kidole.

"Tairi lako nalo lina bawaba," akasema. "Haionekani, lakini ipo. Piga mstari kupita kiungio cha juu na cha chini, ushushe mpaka ardhini. Tairi hugeuka kwenye mstari huo. Rimu ya zamani ilikaa karibu sana na mstari, kwa hiyo maji yakilikamata tairi hayakuwa na pa kushika. Wewe umelitoa nje milimita arobaini. Umeyapa maji kitasa. Kila kidimbwi, kila shimo, kila jiwe, linafungua mlango na usukani unazunguka. Na ile beringi unayoisikia ikilia, nayo umeibebesha mzigo kwa mkono ulionyooshwa."

"Mbona mimi siusikii?"

Akaiangalia mikono yangu, miaka thelathini na tano ya nyundo. "Wewe ungeendesha hata usukani wa zege, ndugu yangu. Umelipima gari kwa mikono isiyo ya dereva wake."

Nimekaa juu ya ndoo tangu alipoondoka, naiangalia mikono hii. Mtu niliyempa fagio.

Jioni nimemwambia Dereva kwamba rimu nazikata upya. Ndiyo radhi niliyojua kuomba. Akasema, "Sawa, Fundi." Akanitengea chai na akakaa mezani.

Aprili 9

Nimekata sahani ya kwanza. Mvua kubwa, siisikii redio.

Aprili 13

Rimu mbili. Naifunga kwenye mashine, naizungusha taratibu, kalamu ya risasi imesimama karibu na ukingo. Kalamu ikigusa upande mmoja na kuacha mwingine, rimu imepinda. Kisha nachomelea kidogo upande huu, kidogo upande wa pili, nangoja ipoe, la sivyo moto unavuta chuma. Kazi isiyotaka haraka. Dereva alikuja akasimama mlangoni akiangalia, mikono ameikunja kwapani. Nikamwambia aingie kuna joto. Alisema anatosheka hapo.

Aprili 17

Zote nne. Nimerudisha milimita thelathini na tano. Tano zimebaki kwa sababu matairi ni mapana, nikiyaingiza zaidi yatasugua.

Aprili 19

Mwalimu na mimi tumemwaga maji kwenye mashimo ya njia yetu, wazee wawili na ndoo, watu wanapita wanatucheka. Nikaendesha juu ya vidimbwi vyote nikishika usukani kwa kidole kimoja. Haukutikisika! Nilipiga honi. Sikujua gari linaweza kuwa hivyo. Nililitengeneza mimi na sikujua.

Kisha Dereva. Vidimbwi vyote nyoofu. Alitabasamu, nikaona jino lake la pembeni ambalo sijaliona tangu Februari. Gia ya pili, nyoofu. Ya tatu, likavuta kushoto. Kidogo tu, kwenye pakavu.

"Bado," akasema.

Aprili 21

Nimepima upepo. Nimepiga uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele pande zote mbili. Nimebadilisha rimu ya kushoto ikaenda kulia. Nikiendesha mimi, nyoofu. Akiendesha yeye, kushoto.

Nilimwambia, "Rimu nimeshakata. Safari hii sina cha kukata." Akaangalia ukutani akasema labda kuna kitu kingine. Nikasema kitu kingine ni kipi, nitajie. Hakutaja.

Aprili 24

Leo mvua haikuniruhusu kutoka, nikasoma daftari hili tangu mwanzo nikitafuta kosa langu. Nimelipata.

Gia ya tatu, karibu na bomba la maji. Gia ya tatu. Gia ya tatu, barabara ya kiwandani. Gia ya tatu, mtaroni. Nimeyaandika mwenyewe kwa mkono wangu, na kwa wiki sita nimekuwa nikitafuta kasoro kwenye gari. Gia haiunganiki na usukani popote.

Ila mtu anaunganika. Ukibadilisha gia mkono wa kushoto unaacha usukani. Unabaki wa kulia peke yake. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni kitendo kifupi, lakini ya tatu iko mbali, unanyoosha mkono, mwili unainama kushoto, na wa kulia usipokaza unauvuta usukani nao.

Nikasoma tena, sasa nikiruka habari za gari. Kikombe. Kifuniko cha chupa. Kitambaa kwa meno. Mikono kwapani. Yote niliyaandika, na yote niliyaandika kama malalamiko.

Niliingia ndani. Alikuwa jikoni anamenya viazi, kisu kikiwa mkono wa kushoto, maganda manene ya mtu anayejifunza. Nikakaa mbele yake.

"Nishike mkono."

"Kwa nini?"

"Nishike tu. Wa kulia. Unibane."

Akaweka kiganja chake ndani ya changu. Nikangoja.

"Bana, Dereva."

"Nimebana," akasema.

Aprili 25

Ilianza Januari, kwenye kidole gumba. Alidhani ni uchovu wa kupiga msasa bodi la gari. Machi alikwenda hospitali, akaenda tena, na aliyemsindikiza ni Mwalimu. Majibu kamili ni wiki ijayo. Nilimuuliza kwa nini Mwalimu na si mimi.

"Ningekuambia ungeacha kutengeneza gari, ungeanza kunitengeneza mimi. Na mimi si chuma."

Nilimkumbusha yale niliyosema pale mtaroni. Nilitaka kuyaomba msamaha moja moja. Akanikatiza, "Uliyasema kwa mtu ambaye hukujua anaumwa. Nilikuacha usijue. Tugawane." Mimi sioni kama yanagawanyika. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu amekuja na mizigo yake yote na hana mpango wa kuondoka.

Mei 3

Binti yetu, ambaye ni muuguzi, amekuja kwa ajili ya siku hii. Tulikaa watatu kwenye benchi, Dereva katikati.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli inakufa, mmoja baada ya mwingine. Umeanza mkono huu, utafuata ule, itafuata miguu, kisha sauti na pumzi. Hakuna dawa ya kurudisha. Nilimuuliza kama kuna kitu cha kubadilisha, hata kutoka kwa mtu mwingine. Binti yangu akanishika goti.

Daktari akamuuliza Dereva kazi yake. "Dereva." Akaandika "mstaafu". Mke wangu akainama akasoma kichwa chini miguu juu, akamwambia, "Futa hilo neno la pili." Kijana akafuta. Ndipo binti yetu akatoka nje kwenye korido, tukamsikia.

Mei 4

Sikwenda bandani.

Mei 5

Sikwenda.

Mei 8

Sikwenda. Mvua inapungua. Natamani isipungue, inyeshe hadi mwisho wa mwaka, Juni ikose pa kupita.

Mei 11

Dereva amekuja kunitoa kitandani saa nne asubuhi. "Fundi, mimi ndiye ninayeumwa na nimeshakunywa chai. Madigadi bado imechanika, bomba limepinda, rangi hakuna. Mvua zinaisha. Unataka niende uwanjani na kitanda?"

Nikaamka. Nilinyoosha bomba lile nikilia, na chuma kilinyooka vilevile.

Mei 16

Madigadi mpya imekaa. Rangi ni nyekundu iliyokolea, amechagua yeye.

Mei 20

Kidole cha kati cha mkono wa kulia hakiinuki tena. Wa kushoto, kidole gumba kimeanza kucheza chenyewe chini ya ngozi. Binti anaandika yake kwenye daftari lake, mimi yangu hapa. Tunafichiana.

Mei 29

Binti amesema mezani, mbele ya mama yake, "Baba, utamuua mama na hilo gari." Nikaweka kijiko chini. Ndilo ninalojiambia kila siku.

Dereva akamjibu yeye. "Mwanangu, kiwanja ni lami tupu, pande zote nyasi, hakuna hata nguzo. Nimeshuka milima na tani thelathini mgongoni na breki zinanuka moshi. Nikikaa hapa nyumbani nikingoja, hutaniokoa na kitu. Utanichelewesha tu."

Binti alilia, kisha akauliza kama nimefunga mikanda ya kiti ile ya mabega yote mawili. Nikamwambia nitafunga kesho. Nilikuwa namwona kama mtoto anayetaka kutuamuru. Leo nimeona ni mtu pekee humu ndani anayejua kila hatua itakayokuja, na bado anatupikia.

Juni 6

Hawezi tena kuzungusha ufunguo. Nimeweka kitufe cha kuwashia, kikubwa, cha kubonyezwa kwa kitako cha kiganja.

Juni 14

Zile milimita tano za mwisho zimenikosesha raha. Usukani ukimpiga hata kidogo, hataweza. Nimetafuta matairi membamba kama yale ya awali, nikakata sahani kwa mara ya tatu, nikaziingiza zote. Sasa tairi limekaa sawasawa juu ya bawaba yake, Mwalimu amepima kwa uzi mara tatu.

Gari limerudi kuwa jembamba, matairi yamejificha madigadini. Hakuna atakayegeuza shingo kulitazama. Nimelizunguka mara moja, nimeridhika.

Juni 19

Siku ya tano bila mvua. Dereva amefanya mazoezi kwenye njia yetu, gia ya kwanza na ya pili. Nyoofu. Mkono wa kulia haushiki, unaegemea tu. Anauweka ndani ya usukani kama mtu anavyotundika koti.

Juni 25

Ameniomba nimfunge kitambaa cha kichwa. Nilikifunga vibaya. Alikwenda nacho hivyohivyo siku nzima.

Juni 27

Uwanja ulikuwa mkavu, nyasi zimepanda hadi kiunoni pembezoni. Magari yalikuwa tisa. Letu lilikuwa la nne. Binti alibaki na Mwalimu chini ya turubai, Mwalimu ameshika saa ya kupimia mbio ambayo hakuna aliyemwomba. Mimi nilimfunga Dereva mikanda, nikamwekea mkono wa kulia mahali pake, vidole kimoja kimoja. Nikataka kukaa kiti cha pili. Akakataa.

"Uzito wako utaharibu kipimo," akasema, akabonyeza kitufe.

Raundi ya kwanza alikwenda na gia ya pili tu. Ya pili, kwenye ule unyoofu mrefu, nikasikia injini ikishuka pumzi, kimya cha klachi, kisha gia ya tatu. Gari likaenda moja kwa moja kama limepigiwa mstari. Nilipiga kelele. Binti yetu alipiga kelele. Raundi ya tatu alitupita akiwa ameinua kidevu, na sijui niliona nini usoni mwake, lakini hakuwa mgonjwa. Nimeishi naye miaka thelathini na moja na nilikuwa sijawahi kumwona akiwa kazini. Malori yalikuwa yakiondoka naye, yakirudi naye.

Raundi ya nne nzima. Ya tano, kule mwisho, injini ikashuka pumzi, klachi, na ile gia ya tatu haikuja. Gari likaanza kuinama kushoto, taratibu, bila haraka yoyote, likatoka kwenye lami, likaingia nyasini, likasimama.

Nilikimbia. Sina mapafu ya kukimbia umbali ule na nilikimbia.

Alikuwa mzima, amekaa, injini imezimika. Mikono yote miwili ilikuwa mapajani. Hata sikumuuliza kitu. Nilipiga magoti kwenye tairi la mbele kushoto, nikalishika, nikalitikisa.

"Ni rimu," nikasema. "Hii ya kushoto, nimeiona ikicheza toka kule. Nilichomelea vibaya, moto umevuta chuma."

"Fundi."

"Kesho naikata. Nikirudisha milimita mbili tu, au sijui, labda bado ziko nje, labda Mwalimu alipima vibaya..."

"Fundi. Gari halina kitu."

"Lina kitu! Nimeliona!"

Nikaapa. Nikabishana naye vikali kuliko siku ile ya mtaro, nikitaja boli, viungio, upepo, kila kitu kilichofungwa na nati, kwa sababu chochote kati ya hivyo kingekuwa kosa langu, na kosa langu ningeweza kulirekebisha. Kamwe sijawahi kutamani kuwa fundi mbovu kama leo. Akaniacha niseme hadi maneno yakaisha na mimi nikabaki nimeshika tairi.

"Raundi ya tatu," akasema, "pale mbele yenu. Niliachia usukani. Makusudi, mikono yote miwili, nikainua kabisa. Lilikwenda lenyewe, Fundi, mpaka nikaogopa litafika mwisho wa uwanja. Sijawahi kupewa gari la namna hiyo maisha yangu yote. Usiliguse tena."

Nililia pale nyasini, naye akaningoja. Kisha akaniuliza nusu saa yetu imebaki kiasi gani. Mwalimu alikuwa ameshafika akihema, akatazama saa yake, akasema dakika kumi na moja.

"Basi nihamishe."

Nikamfungua mikanda, nikamwinua juu ya mti wa gia, nikamkalisha kiti cha pili. Amekuwa mwepesi. Nikamfunga, nikakaa mimi kwenye kiti chake kilichokuwa bado kina joto lake, nikabonyeza kitufe.

Aliniongoza. Alinisikilizia injini akawa ananiambia sasa klachi, sasa ya pili, ngoja, isikilize, bado, sasa. Alicheka nilipokwaruza gia. Tulizunguka mara tatu mpaka wakatupungia bendera.

Kila nilipoingiza ya tatu nilishika usukani kwa mkono mmoja na kungoja. Nilimwomba Mungu livute kushoto, hata kidogo, hata upana wa kidole. Halikuvuta.